MAVAZI MAWILI YA UONGO

Na Mwalimu wa Madrasa, Bukene, Tabora

Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), aliyetuteremshia vazi la kusitiri tupu zetu na la kujipamba, kisha akatujulisha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora kuliko yote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa akishona nguo yake kwa mkono wake mwenyewe, na ziwashukie jamaa zake, Sahaba zake na kila mwenye kuufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kuna munkari umeingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Hauna harufu kama pombe, wala hauna kelele kama ngoma, na kwa sababu hiyo hauogopwi. Umekaa kimya ndani ya simu. Binti anaulalia, mama anauamkia, na kijana wa kiume anautazama baina ya Maghribi na Isha, ilhali Msahafu uko juu ya kabati umeota vumbi. Nao ni munkari wa watu wanaolipwa ili wavae, na sisi tunaolipa ili tufanane nao.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam, sisi wa Bukene ni watu wa mpunga, pamba na ng'ombe. Laiti ingekuwa hivyo! Siku ya mnada wasikilizeni mabinti wanavyomuuliza mwuza nguo. Hawaulizi tena kama kitambaa ni kizito au kama rangi itachuja. Wanamwonyesha picha kwenye simu na kumwambia, "Nataka kama hii ya huyu."

MSHAWISHI NI NANI NA ANAKULA NINI?

Washawishi wa mitandaoni, ambao vijana huwaita mainfluensa, ni watu waliokusanya wafuasi wengi katika Instagram, TikTok na mfano wa hiyo, kisha wakaugeuza wingi ule kuwa bidhaa. Mwenye duka humfuata mshawishi na kumpa nguo bure, au humwazima avae kwa ajili ya picha kisha airudishe, au humlipa fedha taslimu kwa kila tangazo. Wengine hupewa neno maalumu la punguzo, na kila mnunuzi anayelitaja neno hilo dukani, mshawishi huandikiwa fungu lake. Wapo wanaosema wazi kwamba hili ni tangazo na kwamba wamelipwa. Hao hesabu yao ni nyepesi zaidi. Lakini wengi huzungumza kana kwamba wanamshauri ndugu. Husema kwamba nguo ile wameipenda wenyewe, wameinunua wenyewe, na kwamba asiyekuwa nayo mwezi huu amepitwa na wakati.

Sasa tuiulize sheria: mtu huyu anaitwa nani? Katika masoko ya Madina ya zamani alikuwapo mtu wa aina hii, na Mtume (S.A.W.) alikataza kazi yake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) katazo la najash. Najash ni mtu kusimama sokoni na kuisifu bidhaa, au kuipandisha bei, wala hana haja ya kuinunua, bali anataka kumhadaa mwingine aingie. Wanavyuoni wameeleza kwamba akifanya hivyo kwa mapatano na muuzaji, wote wawili wameshirikiana katika dhambi. Tafadhali, ewe ndugu yangu, nieleze tofauti iliyopo baina ya mtu yule na mshawishi anayesifu asichokinunua, kwa malipo anayoyaficha. Mimi siioni, ila kwamba yule wa kale aliwahadaa watu kumi waliomzunguka, na huyu anawahadaa laki moja wasiomjua.

Kisha iko Hadithi nyingine ambayo Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Asmaa bint Abi Bakr (R.A.). Mwanamke alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba ana mke mwenza, na akauliza iwapo ni kosa kujionyesha mbele yake kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwa maana hii, kwamba mwenye kujishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa mavazi mawili ya uongo. Subhanallah! Mwanamke yule alitaka kumdanganya mtu mmoja ndani ya nyumba moja. Vipi kwa anayeazima gauni asubuhi, akapigwa picha ndani ya gari lisilo lake, mbele ya hoteli asiyolala, na jioni akarudisha vyote, ilhali huku nyuma mabinti wa Nzega, Urambo na Sikonge wanalia kwa nini Mungu hakuwapa wao maisha yale? Vazi la kwanza la uongo ni lile alilovaa yeye. La pili ni lile tunalovaa sisi kwa mkopo ili tumfanane.

SOMO LA NJIA YA MISAFARA

Wapo wanaodhani kwamba kudanganywa kwa kitambaa ni jambo jipya. Sisi watu wa Unyamwezi tunapaswa kuwa wa mwisho kudhani hivyo, maana historia ya nchi yetu imeandikwa juu ya kitambaa.

Wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta wazee wetu wakilima pamba na kuifuma kwa mikono yao. Kisha ikaja merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Zanzibar kwa meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Pamoja nayo ikaja kaniki kutoka Bara Hindi. Kutoka Bagamoyo, vitambaa hivyo vilipandishwa hadi Unyanyembe mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kutoka hapo vingine vilikwenda Ujiji, na vingine vikaelekea kaskazini kwenye ziwa, upande huu wetu, ambao Speke aliupita mwaka 1858. Nguo ikawa ndiyo fedha. Kwa shuka na doti mtu alinunua chakula, alilipa hongo kwa mtemi, alimlipa mpagazi, alinunua pembe za ndovu na, tuseme kweli wala tusiogope, alinunua watu. Wafanyabiashara waliopita katika njia hii, wakiwemo wenye majina ya Kiislamu, watajibu mbele ya Allah kwa hilo. Na tuzingatie kwamba pamba ya merikani ililimwa na watumwa weusi katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Jasho la mtumwa wa kule likasaidia kununua mtumwa wa huku.

Na mitindo je? Ilikuwapo! Wasafiri hao waliandika kwamba kila nchi ilitaka shanga za rangi yake na ukubwa wake, na kwamba penye kupendwa shanga nyekundu, nyeupe hazikununua hata kibaba cha mtama. Mfanyabiashara asiyejua mtindo wa nchi aliyoiendea aliweza kufilisika akiwa na mizigo mizima.

Na mzigo ule wa nguo, uliokunjwa na kufungwa kwa kamba mpaka ukawa kama mto mrefu wa kulalia, uliitwaje? Uliitwa mtumba. Neno hili tunalolisikia leo mnadani lilipita katika nchi hii kabla ya reli. Mtumba wa zamani ulibeba nguo mpya ukachukua pembe na watu. Mtumba wa leo unabeba nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, na unachukua fedha ya mpunga wetu. Na pamba tunayoilima hapa Nzega na Igunga, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa ghafi. Huenda ikafumwa Asia, ikavaliwa Ulaya, kisha ikaturudia sisi tuliyoilima ikiwa na jasho la mwingine. Aliyekuwa akifuma amekuwa mnunuzi wa mabaki. Hapa pana mazingatio kwa mwenye akili.

RAHISI SI KINGA YA ISRAFU

Katika siku hizi limezuka kundi lingine la washawishi, nalo ndilo linalowachanganya hata watu wema. Hawa hawasifu nguo za ghali. Wao wanahubiri maisha ya kubana matumizi. Wanasema: nunueni mitumba, msinunue nguo mpya, okoeni mazingira. Ukiwasikiliza unaweza kudhani ni wanafunzi wa Umar (R.A.). Kisha unamwona mmoja wao amerudi kutoka sokoni Karume, amemwaga kitandani nguo 20, anaonyesha moja baada ya nyingine, na anajisifu kwamba zote kwa pamoja hazifikii bei ya gauni moja la dukani. Wiki inayofuata amemwaga nyingine 20.

Hatukatai kwamba wana hoja. Ubaya wa viwanda vya nguo za haraka haraka unajulikana. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka juu ya washonaji wa nguo za makampuni ya Magharibi, wakafa watu 1,134, wengi wao wanawake, na wengi wao dada zetu katika Uislamu. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na wakalazimishwa kuingia kazini. Itazameni pia Bahari ya Aral, iliyo baina ya Uzbekistan na Kazakhstan, katika nchi za Waislamu. Tangu miaka ya 1960 mito yake iligeuzwa kumwagilia mashamba ya pamba, mpaka sehemu kubwa ya bahari ile ikawa jangwa la chumvi na merikebu zikabaki juu ya mchanga. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba hutumia maji lita 2,700 mpaka ikamilike. Sisi ambao mama zetu wamebeba ndoo vichwani tangu utotoni, tunajua lita 2,700 ni safari ngapi za kisimani. Basi kuvaa nguo ambayo maji yake yamekwisha kutumika na kuirefushia umri ni jambo jema, na mwenye kulifanya kwa nia njema hapotezi ujira wake.

Lakini israfu haipimwi kwa bei peke yake. Katika Suratul Aaraf, Allah ametuamrisha tuchukue mapambo yetu kwenye kila mahali pa ibada, tule na tunywe, wala tusifanye israfu. Katika Suratul Furqaan amewasifu waja wake kwamba wanapotoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, bali hukaa katikati. Israfu ni kupita kiasi cha haja. Mwenye kununua nguo 20 za elfu mbili mbili asizozihitaji amefanya israfu, na mwenye kununua kanzu moja ya elfu 40 akaivaa miaka sita hakufanya. Rahisi inaweza kuwa mtego mkubwa kuliko ghali, maana ghali humzuia mtu kwa uzito wake, ama rahisi haina kizuizi ila uchaji.

Na tusidanganyane kwamba mitumba ni sadaka ya wazungu. Ni biashara, na nguvu yake tuliiona. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuipunguza mpaka kuiondoa ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vyetu vipumue. Mwaka 2017 wenye biashara hiyo Marekani wakapeleka mashtaka kwa serikali yao, na serikali yao ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Basi anayetwambia kwamba kila tunapofungua belo tunaiokoa dunia, atueleze pia ni nani anayefanya bidii yote hiyo ili belo lisikose kuja.

ISRAFU ILIYOVAA BUIBUI

Mpaka hapa huenda baadhi yenu mnatikisa vichwa na kusema, "Haya yanawahusu wale wanaovaa nusu uchi." La hasha! Sasa tunawageukia ninyi na sisi, watu wa safu za mbele.

Wapo washawishi waliojifunika vizuri. Picha zao zina aya pembeni na sauti ya kaswida nyuma yake. Wanauza abaya za Dubai, na kila baada ya miezi mitatu abaya ya heshima inabadilika: mara mikono mipana, mara shanga kifuani, mara rangi ya udongo, mara iliyofunguka mbele. Hijabu ambayo Allah ameifaradhisha ili macho yapite bila kusimama imegeuzwa kuwa kitu cha kuyasimamisha macho. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) onyo kali kwa mwenye kuvaa vazi la kutafuta umaarufu, kwamba Allah atamvisha vazi la udhalili Siku ya Kiyama. Onyo hilo halikutofautisha baina ya sketi na abaya.

Kisha yako mambo ya sare. Siku hizi harusi haikamiliki bila sare ya upande wa bibi harusi, sare ya upande wa bwana harusi, sare ya mashangazi na sare ya kicheni pati. Zimeingia mpaka katika khitma na mikusanyiko ya dini. Kitambaa huchaguliwa kutoka kwenye simu, bei hupangwa na kamati, na fundi hupewa siku tatu. Nguo ile huvaliwa mara moja. Ikivaliwa tena, watu husema, "Hiyo si ya harusi ya fulani?" Na fedha yake inatoka wapi? Sisi tunaoishi hapa tunajua inakotoka. Inatoka kwenye gunia lililowekwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Inatoka kwenye mpunga uliouzwa ungali shambani haujakomaa, mauzo ambayo Mtume (S.A.W.) ameyakataza. Inatoka kwenye mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo ni riba tupu isiyo na kificho, na mwenye kula riba ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Munkari wa picha umezaa munkari wa deni, na deni limezaa riba. Tunamkemea mlevi kwa sauti, na mla riba kwa ajili ya sare tunamtumia kadi ya mwaliko!

Na asiyeweza kulipa hufanya nini? Hapa ndipo roho inapouma. Hutoa udhuru. Husema anaumwa na kichwa. Haendi kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Kisha haendi kwenye darsa ya akina mama, kwa kuwa ana baibui moja na wenzake wameshaiona. Sisi tunaofundisha watoto tunaliona hili kwa macho yetu: kila ikaribiapo Idd, yuko mtoto anayetoweka madrasa, na ukiuliza unaambiwa hana nguo mpya. Nani aliyemfundisha kwamba Idd haiendewi ila kwa nguo mpya? Si Mtume (S.A.W.)! Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba wanawake waliamrishwa kutoka kwenda kwenye Idd, na ilipoulizwa kuhusu asiyekuwa na jilbabu, jibu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba dada yake amvishe katika jilbabu lake. Hakusema abaki nyumbani. Hakusema akope. Alisema dada yake amvishe! Basi tujiulize: vazi lililowekwa kuwa stara ya Muislamu, vipi limegeuka kuwa tiketi ya kuingilia katika jamii ya Waislamu?

SHUBUHATI NA MAJIBU YAKE

Watasema: Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Tunajibu: Ndiyo, na Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Muslim. Lakini isomeni mpaka mwisho wake, mtakuta imebainisha kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tena Abu Daud na Nasai wamepokea kwamba mtu alikuja kwa Mtume (S.A.W.) katika nguo duni, na alipojulikana kuwa ana ngamia na kondoo, aliambiwa athari ya neema ya Allah ionekane kwake. Hatulinganii matambara. Mwenye uwezo avae vizuri. Tunachokataa ni mwenye gunia moja kuvaa athari ya neema asiyopewa.

Watasema: Hiyo ni ajira ya vijana, mnataka wafe njaa? Tunajibu: Kutangaza bidhaa si haramu kwa asili yake. Kijana na aseme, "Nimelipwa na duka fulani, kitambaa ni cha aina hii, bei yake ni hii, kasoro yake ni hii." Akifanya hivyo bila kuonyesha uchi, atakuwa mwaminifu sokoni. Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu chini yake, na akamkana mwenye kughushi. Riziki ya halali haihitaji kufichwa unyevu.

Watasema: Mitumba ni nguo za makafiri, haisaliwi. Hawa wametoka upande wa pili wa kupita mipaka. Tunajibu: Asili ya nguo ni tohara mpaka ithibitike najisi. Ioshe kwa maji ya kutosha, uipige pasi, uondoe picha au alama zisizofaa, kisha uswali nayo. Ama nguo za ndani zilizotumika, hizo hata Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku kwa ajili ya afya, na kujikinga na madhara ni katika dini.

Watasema, na hasa wanaume watasema: Hili ni tatizo la wanawake. Tunajibu: Nani anayenunua jezi mpya kila msimu? Timu ya Uingereza hubadilisha mstari mmoja begani, na baba wa watoto watano wa Bukene hujiona yuko uchi mpaka aipate. Mpira haumjui, mchezaji hamjui, na kifuani amebeba tangazo la kampuni ambayo pengine ni ya kamari au ya pombe. Yeye ameilipia fedha, na tangazo analibeba bure. Mshawishi wa mtandaoni analipwa ili atangaze. Ndugu yetu huyu amelipa ili atangaze. Ni yupi aliyehadaika zaidi?

TUFANYE NINI?

Haitoshi kukemea. Dini yetu ikifunga mlango wa haramu hufungua wa halali. Tunapendekeza haya kwa jamaa za misikiti yetu:

Kwanza, sare zikomeshwe. Baba wa bibi harusi aliye na ujasiri atangaze mapema kwamba kila mwanamke aje na nguo ya stara aliyo nayo. Akifanya mmoja, kumi watamshukuru kimoyomoyo na kumfuata. Na maimamu, muwe wa kwanza kwa harusi za mabinti zenu.

Pili, tuihuishe Sunna ya kuazimana. Bukhari ameipokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) habari ya kanzu nzito aliyokuwa nayo, thamani yake dirhamu tano. Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwa na kanzu kama hiyo, na hapakuwa na mwanamke Madina aliyepambwa kwa ajili ya harusi ila alituma kwake kuiazima. Baadaye, Bibi Aisha akiwa angali hai, mjakazi wake alikuwa akiona haya kuivaa hata ndani ya nyumba. Tazameni mitindo ilivyokwenda mbio ndani ya umri wa mtu mmoja! Kanzu moja iliwapamba maharusi wa kizazi bora kuliko vyote, na ndoa zao zikawa na baraka. Kuazima huku hakukuwa uongo, kwa sababu mji mzima ulijua kanzu ni ya nani. Basi kila msikiti uwe na sanduku la nguo: magauni mawili au matatu ya harusi yenye stara, kanzu safi, na mabuibui ya kumvisha asiye nayo siku ya Idd, kwa siri, bila kumpiga picha.

Tatu, tujifunze kununua. Mtu aingie sokoni akijua anatafuta nini, na asichokikusudia asikichukue kwa kuwa ni rahisi. Aishike nguo na kuitazama kwenye mwanga wa jua, iliyochakaa itaonyesha. Aangalie makwapa, kola, mapaja na mishono, maana hapo ndipo nguo hufia. Avute kitambaa kidogo aone kama kinarudi. Apendelee pamba, kwa kuwa joto letu si la nailoni. Na kabla ya kutoa fedha ajiulize: nitaivaa katika Swala? Nitaivaa mwakani? Naweza kuitengeneza ikichanika? Asipopata "ndiyo" tatu, airudishe.

Nne, tumrudishie fundi cherehani heshima yake. Nguo ya baba hupunguzwa ikawa ya mtoto, na kanga mbili kuukuu huwa shuka la mgonjwa. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba alimwona Umar, naye wakati huo ni Amirul Muuminin, ana viraka vitatu baina ya mabega yake, kimoja juu ya kingine. Kiraka hakikumpunguzia Umar kitu, na falme zilitetemeka kwa jina lake. Katika madrasa tuwafundishe watoto wote, wa kike na wa kiume, kushika sindano pamoja na kushika kalamu. Mtume wao (S.A.W.) alijua kushona.

Tano, kila mzazi aitazame simu ya mwanawe, na kabla ya hapo aitazame yake. Mfuate anayekufundisha, umwache anayekuuza. Kuacha kumfuata mshawishi ni kubonyeza mara moja tu. Ni jihadi nyepesi iliyoje, na wangapi wameishindwa!

Enyi waja wa Allah! Kila mmoja wetu atashonewa nguo moja ambayo hataichagua mtindo, haina mfuko wala kifungo, na fundi wake hatampima ila baada ya kufa. Aliyekufa na deni la sare, roho yake itaning'inia kwa deni hilo mpaka alipiwe. Tumche Allah kabla ya kuvishwa nguo hiyo, na tuwahurumie wale wanaobaki majumbani leo kwa sababu ya macho yetu.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusitiri kwa stara yake, atukinaishe kwa halali yake tusitamani haramu yake, na atuvishe vazi la ucha Mungu duniani na Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.